Muulize Gari la Nyumbani Kwao

Mgeni akija kwenye kikundi chetu cha wakusanyaji wa vigari vya kuchezea, hatumuulizi ana vigari vingapi. Swali hilo lina ubaya wake: mwenye vingi atajigamba, mwenye vichache atanywea, na maongezi yataishia hapo. Tunamuuliza gari la kwanza analolikumbuka tangu utotoni. Si lazima liwe la kwao. Linaweza kuwa la jirani, au lori lililokuwa likipita kumwaga mchanga. Akishaanza kulieleza, rangi yake, harufu ya viti vyake juani, mlango uliokuwa haufungi mpaka ubamizwe, kabla hujakaa sawa ameshakutajia baba, mama, dada aliyegombania naye dirisha na mjomba aliyeligonga kwenye mti. Hujamdodosa. Kajieleza mwenyewe.

Nimo kwenye mambo haya muda mrefu sasa. Nimejifunza mengi kuhusu rangi, masanduku na vigari vya kughushi, lakini ninaloliamini kuliko yote ni hili: ukitaka habari za nyumbani kwa mpenzi wa magari, pitia kwenye gari. Hasa kwa wanaume, mtanisamehe. Wapo wazee kikundini ambao ukiwauliza baba zao walikuwa watu wa namna gani watakujibu "alikuwa mzee mzuri," kisha kimya. Waulize walikuwa wanaendesha gari gani. Utaomba mwenyewe ruhusa ya kwenda kulala.

Ninaposema vigari nina maana ya vile vya kumiminwa kwenye kalibu, vinavyokaa kiganjani. Tunaviita vya chuma, ingawa kwa haki ni zamaki, mchanganyiko wa zinki na alumini, na kwa uchache magnesi na shaba, unaoyeyuka kwa moto usio mkali sana na kuingia kwenye kalibu mpaka kwenye mistari ya milango. Wengi wetu tunakusanya vya uwiano wa 1:64, yaani milimita moja ya kigari inasimamia milimita 64 za gari lenyewe. Volkswagen Beetle, lenye urefu wa mita nne na kidogo, hapo linabaki urefu wa kidole gumba. Wengine hawataki kusikia kitu zaidi ya 1:43, na wana haki yao. Ukishazoea kuona kishikio cha mlango na fremu ya kioo, kurudi kwenye vidogo ni kazi. Mimi ni mwanamke, na kila ninaponunua kimoja muuzaji huniuliza mtoto ana umri gani. Siku hizi nataja umri wangu.

Watu hudhani historia ya vigari hivi ni ya viwanda na mashine. Ukiichungulia vizuri imejaa wazazi na watoto. Frank Hornby wa Uingereza alianza kwa kuwatengenezea wanawe vipande vya bati vya kuunganisha kwa skrubu, vikawa Meccano, na ni kampuni hiyo iliyokuja kutoa vigari vilivyopewa jina la Dinky mwaka 1934. Matchbox nayo ina kisa chake. Jack Odell, mhandisi wa Lesney, kampuni iliyotengeneza Matchbox, alikuwa na binti ambaye shule yake ilikataza mtoto kuja na kitu cha kuchezea kisichoenea ndani ya kiberiti. Baba akaketi akamtengenezea rola ndogo ya kushindilia barabara, inayoenea. Watoto wenzake wakaitaka. Mwaka 1953 vigari vya Matchbox vikaanza kuuzwa ndani ya visanduku vinavyofanana na kiberiti. Kwetu kisa hiki husimuliwa kila mtu anapolalamika kwamba mwanawe kabeba kigari kwenda nacho shule bila kuomba. Mtoto kama huyo, tunamwambia, ndiye aliyeanzisha shughuli yote hii.

Na kwa kuwa kila kitu kilipaswa kuenea kwenye kisanduku kilekile, basi la ghorofa lilitoka na urefu karibu sawa na gari dogo la watu wanne. Mtoto hakuona tatizo. Sisi watu wazima ndio tunaokesha tukibishana juu ya uwiano.

Kuna ndugu wawili kikundini, dada mwalimu mstaafu na mdogo wake fundi umeme, ambao ugomvi wao wa vigari haujaisha hadi leo. Dada alikulia kwenye Matchbox za zamani, zenye magurudumu mazito ya plastiki nyeusi. Ukikisukuma kigari kile kinakwenda shubiri mbili kinasimama, kwa hiyo mchezo wake ulikuwa wa kuendesha: unakishika, unafuata pindo la zulia kama barabara, unasimama kwenye kona, unapiga honi kwa mdomo. Mdogo wake alikuja wakati Mattel ya Marekani imeshaleta Hot Wheels. Hizo zilitoka mwaka 1968, modeli 16 za kwanza, na kwa ekseli nyembamba za waya na magurudumu yasiyokwaruzana, ukikiachia kigari kwenye njia ile ya plastiki ya rangi ya chungwa kinafyatuka kama kimetumwa. Lesney waliona wanapotea, na kuanzia mwaka 1969 wakabadilisha magurudumu yao na kuyaita Superfast.

Basi dada anasema mdogo wake hajui kuendesha, anajua kuachia tu. Kaka anasema dada yake aliendesha polepole mpaka leo barabarani anapigiwa honi na baiskeli. Mara ya kwanza kuwasikia nilidhani ni utani. Baadaye dada akaeleza kwamba mama yao alipougua, yeye ndiye aliyekuwa akimlea mdogo wake mchana kutwa, na namna pekee ya kumtuliza ilikuwa kukaa naye chini wakifuata pindo la zulia, yeye akiwa dereva na mtoto akiwa kondakta. Njia ya plastiki ilipoingia nyumbani, mtoto hakumhitaji tena. Angeweza kuachia peke yake. Kaka mtu alisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Dada, mbona hukuniambia?" Akajibiwa, "Ungeniuliza wakati gani, na wewe ulikuwa unashindana na ukuta?" Tukacheka wote, na maongezi yakahamia kwenye namna ya kusafisha ekseli zilizoshika kutu.

Ndivyo maongezi yetu yalivyo. Jambo zito linapita katikati ya kutu na rangi, halafu kutu na rangi vinaendelea. Nimewahi kukaa kwenye mikutano ya familia iliyoitishwa rasmi ili watu waseme yaliyo moyoni, hakuna aliyesema kitu.

Bingwa wa maongezi ya aina hii ni mzee mmoja tunayemwita Mzee wa Beetle. Ana Beetle za kila ukubwa na kila kampuni, na huwezi kumwonyesha moja asikuambie kosa lake: kioo cha nyuma ni cha mwaka huu, taa ni za mwaka ule, haviwezi kukaa pamoja. Lakini ukimwacha aendelee atafika kwenye ile ya baba yake. Ilikuwa ya miaka ya 1950, na Beetle za wakati huo hazikuwa na geji ya mafuta. Badala yake kulikuwa na kibomba kidogo karibu na miguu ya dereva. Unaendesha mpaka injini inaanza kukohoa, unakizungusha kibomba kwa ncha ya kiatu, na zile lita chache za akiba zinafunguka zikufikishe kwenye kituo cha mafuta. Utaratibu mzuri, kwa sharti moja: ukishajaza tangi ukirudishe kibomba mahali pake. Ukisahau, siku injini ikikohoa akiba imeshatumika zamani na unashuka kusukuma.

Baba yake alikuwa anasahau. Mama yake alikuwa hasahau. Wakitoka kituoni mama huuliza, "Umekirudisha?" Baba huitikia kwa kuguna, na watoto huko nyuma hujua kwa mguno tu kama leo watafika au watasukuma. Mwishowe swali likatoka kwenye gari likaingia ndani ya nyumba. Baba akikopesha mtu pesa, "Umekirudisha?" Akiahidi kitu ambacho hana uwezo nacho, "Umekirudisha?" Sisi nasi tumelichukua. Mwenzetu akitangaza kwamba amemaliza akiba yake yote kwa kununua sanduku moja la vigari vya Corgi vya mwaka 1965, watu huitikia kwa pamoja: "Kirudishe!"

Na kuna lile la maji ya kioo. Beetle za baadaye zilikuwa zinarusha maji ya kusafishia kioo kwa nguvu ya hewa ya tairi la akiba, ambalo hukaa mbele chini ya boneti, kwa kuwa injini iko nyuma. Mpira mwembamba unatoka kwenye tairi unakwenda kwenye chupa ya maji. Watoto wakichezea kitufe, inayotumika ni hewa ya tairi. Volkswagen waliweka vali ya kuizuia hewa isiishe yote, lakini baba mtu hakuwa mwepesi wa kuamini vali, na mzee wetu anakumbuka vizuri kofi alilopigwa siku alipomrushia maji mbuzi. Analisimulia kofi hilo kwa furaha kubwa mno. Nadhani ni miongoni mwa mara chache baba yake alizomgusa, lakini hilo sikumuuliza, naye hakulisema.

Tarehe 30 Julai 2003 Beetle ya mwisho ya umbo lile la asili ilipotoka kiwandani Puebla, Meksiko, baada ya zaidi ya milioni 21 kutengenezwa, mzee alimpigia simu dada yake. Walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mambo ya mirathi. Anasema aliona hakuna mtu mwingine duniani wa kumpa pole. Dada yake akapokea, akasikiliza, akauliza kitu kimoja tu: "Na ile ya baba, kibomba chake nani anacho?" Anacho yeye mzee. Kipo kwenye kabati lake la vioo, katikati ya vigari, na mgeni asiyejua hudhani ni kipande cha bomba la maji.

Nataka niseme kidogo kuhusu ushauri, maana watu hutuona tunapiga soga na kudhani hatujui kitu. Kikundi chetu kina mafundi wa kweli, watu wa gereji, na maswali ya magari makubwa huletwa kila mara. Siku moja binti mmoja mfanyakazi wa maabara, mkusanyaji wa Peugeot, alileta tatizo la Peugeot 504 ya marehemu baba yake. Kiti cha dereva, alisema, kimegoma kusogea. Baba alikuwa mrefu, yeye mfupi, mguu haufiki kwenye klachi. Kwa hiyo gari limekaa tu tangu msiba.

Fundi wetu hakuchelewa. Puliza mafuta mepesi kwenye reli zote mbili, acha yaingie, kisha mmoja avute mkono wa chini ya kiti na mwingine asukume kwa nyuma. Ikishindikana, fungua bolti nne utoe kiti kizima. Akaongeza na mengine, kwa sababu gari likikaa halikai bure: betri inakufa, mafuta ya breki yanavuta unyevu, petroli ya zamani inaacha gundi kwenye kabureta. Akamwambia asome namba ya tairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi za DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka. 3509 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2009. Meno yanaweza kuwa marefu kama mapya na mpira wenyewe umeshakufa. Binti alikuwa na picha kwenye simu, akaisoma, na fundi akatikisa kichwa: hilo usisafirie.

Yote hayo ni ushauri safi. Lakini Mzee wa Beetle alikuwa kimya, kisha akauliza, "Binti yangu, ule mkono wa chini ya kiti, umeshaushika?"

Binti akasema bado.

Fundi akafunga mdomo. Sote tukakumbuka kwa wakati mmoja alichotujibu siku ya kwanza tulipomuuliza gari la kwao: kwamba 504 ile ilikuwa na safu tatu za viti, wao watoto walikuwa na uhuru wa kufanya watakalo kwenye safu ya nyuma kabisa, lakini kiti cha dereva hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata mama, kwa kuwa baba alikuwa na maumivu ya mgongo na alikuwa amekipima mwenyewe mahali pake. Alitueleza hivyo akicheka, na sisi tulicheka naye.

Mzee hakumpa pole wala mawaidha. Alimwambia achukue brashi nyembamba na rangi ya kupakia vigari, ile nyekundu ya taa za nyuma, apige mstari mmoja kwenye reli ya kushoto na mwingine kwenye reli ya kulia, pale pale kiti kilipo. Halafu akisogeze mbele aendeshe. Akitaka kukirudisha kwa baba yake, mistari ipo. Fundi akasema rangi hiyo itabanduka ikiguswa na mafuta, atumie ya kucha. Wakabishana. Binti alikwenda na zote mbili, na wiki iliyofuata alikuja akiendesha, kwa tairi mpya.

Mtu anayekujua angekushauri hivyo. Fundi asiyekujua angetoa kiti, angepaka grisi, angekurudishia gari linalokwenda vizuri, ungelipa, na mistari isingekuwepo.

Jambo la mirathi tumekutana nalo kwa uchungu zaidi. Mwenzetu mmoja, mkusanyaji mkubwa, alifariki, na wanawe wakatuita tuwasaidie kutenganisha maboksi. Walikuwa watu wa heshima, hawakutaka kutupa hovyo kazi ya baba yao, lakini hawakujua kipi ni kipi. Walikuwa wamepanga tayari kwa mafungu: vinavyong'aa huku, vilivyochubuka kule kwenye mfuko wa takataka. Kijana mdogo alikuwa amegeuza Hot Wheels zote tumbo juu na kuzipanga kwa mwaka uliochapwa chini, akiamini zenye mwaka wa zamani ndizo za zamani. Hilo huwapata wengi. Mwaka ule ni wa haki ya umbo, yaani lini modeli ile ilisajiliwa, na kalibu moja inaweza kutumika miaka na miaka ikibadilishwa rangi na michoro. Kigari chenye 1983 tumboni kinaweza kuwa kimetoka kiwandani zaidi ya miaka kumi baadaye. Ili kujua, unatazama rangi, aina ya magurudumu, nchi iliyoandikwa, na karatasi ya nyuma kama kisanduku kipo.

Hilo tulilieleza kwa muda mfupi. Kilichotuchukua jioni nzima ni mfuko wa takataka. Mwalimu mstaafu aliuingiza mkono akatoa kilori cha Matchbox, rangi imebaki kwenye pembe tu, ekseli ya mbele imepinda, na bodi ya nyuma ya plastiki ina vishimo vidogo vidogo ukingoni. Akamwonyesha kijana mkubwa, mtu mzima mwenye ndevu. "Unajua hivi ni nini?" Hakujua. "Ni meno yako." Marehemu alikuwa ametuonyesha kilori hicho zaidi ya mara moja. Mwanangu wa kwanza, alikuwa akisema, alipokuwa anaota meno alikataa kila kitu isipokuwa hiki, na saini yake hii hapa. Yule bwana alikipokea akakisogeza kwenye taa, akapitisha ukucha kwenye vishimo. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama rangi ya vigari vya zamani haina sumu kwa watoto.

Ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba inaweza kuwa nayo. Rangi nyingi za vitu vya kuchezea vya zamani zilikuwa na risasi, madini yale, na mtoto anayetia kila kitu mdomoni hapaswi kupewa kigari cha zama hizo hata kiwe cha kumbukumbu kiasi gani. Mpe kipya. Cha zamani kiweke juu, umwonyeshe akikua. Nilimwambia hivyo, kwa kuwa naye ana mtoto anayetambaa.

Tangu hapo wengi wetu tuna daftari. Mimi siandiki thamani, thamani hubadilika na kila mtu anaweza kuitafuta mwenyewe. Naandika kilikotoka na nani kakiumiza. "Kimevunjwa kioo na mpwa wangu, mvua ilikuwa inanyesha." "Kimebadilishwa na fundi umeme kwa vigari viwili vya Tomica, anadai nimempunja." Na ndiyo maana siungi mkono kupaka upya rangi kigari kilichochubuka. Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, nawavulia kofia, lakini wakimaliza unabaki na kigari kizuri ambacho hakijawahi kuwa cha mtu. Kuhusu wale wasiotoa kabisa kigari kwenye kisanduku chake, tumekubaliana kutolizungumzia suala hilo, kwa ajili ya amani.

Kuna hasara ambazo daftari halizuii. Mwenzetu mmoja alirithi kwa babu yake kilori cha Dinky cha kabla ya vita kuu ya pili. Vigari vingi vya wakati huo vina ugonjwa: zinki ikichanganyika na uchafu kidogo wa risasi wakati wa kumimina, baada ya miaka chuma huanza kuvimba na kupasuka kwa ndani, nyufa ndogondogo, mwisho kinameguka chenyewe. Dawa hakuna. Unakiepusha na unyevu na joto la kupanda na kushuka, na unasubiri. Kila tukikutana anatuletea habari zake, leo bampa, leo paa, na tunamsikiliza.

Mgeni wa mwisho kujiunga ni kijana dereva wa mizigo. Tulipomuuliza gari la kwao aliona haya, akasema kwao hawakuwahi kuwa na gari, wala jirani hakuwa nalo. Watu wawili watatu wakajiinamia, wakidhani tumemwumiza. Lakini hakuwa amemaliza. Alikuwa na basi, alisema, lile la kila asubuhi, mama yake akienda kazini naye akishushwa shule. Alijua kiti kipi kina spring iliyochomoza, dirisha lipi halipandi, na dereva yupi husubiri mtu anayekimbia na yupi husogeza mbele kidogo makusudi. Mama yake alikuwa akilala kwenye bega lake njia nzima, na yeye, mtoto wa darasa la pili, ndiye aliyekuwa na kazi ya kuhesabu vituo ili amwamshe. Hakuwahi kumpitisha. Sasa anataka kukusanya mabasi tu, mabasi matupu, lakini ameona uwiano wa 1:64 unampa mabasi machache, na mengi ya Uingereza ni 1:76, hayatalingana yakikaa rafu moja.

Hapo kila mtu akawa na la kusema. Mwalimu akasema apange kwa rafu mbili. Fundi umeme akasema nani atapima. Mzee wa Beetle alitaka kwanza kujua injini ya basi hilo ilikuwa mbele au nyuma, na kijana akajibu papo hapo, mbele, kwa sababu mama alikuwa akichagua viti vya mbele wakati wa baridi. Mimi nina basi moja la ghorofa la Matchbox, nyekundu, limechubuka vizuri, halilingani na uwiano wowote. Nimemwambia nitambadilishia, ila alete kitu chenye habari.